Papa wa Sokoni Naye Apimwe

Bwana Mhariri,

Nakuomba nafasi katika safu za gazeti lako niwafikishie wenye mamlaka, na walaji wenzangu wa pwani hii, lalamiko ambalo aghalabu huishia barazani.

Mwaka 1999, zilipoenea habari kwamba baadhi ya wavuvi wa Ziwa Victoria walikuwa wakitia majini dawa za kuulia wadudu ili wapate samaki bila ya taabu, Umoja wa Ulaya ulifunga milango yake kwa samaki wa ziwa hilo, na haukuifungua mpaka serikali zetu zilipotoa ithibati ya ukaguzi na vipimo vya maabara. Wazungu walikuwa na haki ya kulinda siha za watu wao. Linalonisikitisha ni kwamba sangara wa kusafirishwa ng'ambo alipata mlinzi, ilhali papa anayeteremshwa pwani kwetu, akapasuliwa, akatiwa chumvi na kuanikwa, hufika chunguni pasina mtu kusema amepimwa nini. Katika soko ninalonunulia mimi sijapata kuona hata karatasi moja ya matokeo iliyobandikwa. Afisa apitaye asubuhi humtazama samaki macho na matamvua, akamnusa, akaenda zake. Kwa njia hiyo atamjua samaki aliyeoza, lakini zebaki haina harufu wala rangi ndani ya mnofu, wala haitoki kwa chumvi, kwa jua, wala kwa moto.

Sumu hiyo, itokayo katika moshi wa makaa ya mawe, katika uchimbaji wa dhahabu na kwingineko, ikishafika majini hugeuzwa na vijidudu ikawa kali zaidi, ikaingia katika viumbe vidogo, nao wakaliwa na wakubwa wao, ikizidi kila inapohama tumbo hata tumbo, hata ikakithiri katika papa, nduwaro na jodari wakubwa walioishi miaka mingi. Watu wa Minamata, Japani, ambao ghuba yao ilitiwa zebaki na kiwanda, walitambuliwa rasmi kuwa na maradhi mwaka 1956, na serikali yao haikukiri chanzo chake mpaka 1968. Na katika muda huo walizaliwa watoto wenye vilema vizito kwa mama ambao wenyewe walionekana wazima au wenye dalili chache tu.

Ndiyo sababu Marekani huwaonya waja wazito wasile papa kabisa. Binti yangu alipokuwa mjamzito aliambiwa kliniki ale samaki, na nasaha hiyo ni njema, kwani dagaa na vibua ni chakula bora na zebaki yao ni haba; ila hakuna aliyemtajia papa, naye ndiye kitoweo cha nyumba nyingi zisizomudu nguru.

Kipimo cha kufuata kipo: tangu 2018 Tume ya Codex ya viwango vya chakula, ambayo nchi zetu ni wanachama wake, imeweka kikomo cha miligramu 1.6 za zebaki hiyo iliyogeuzwa na vijidudu kwa kila kilo ya papa, na 1.2 kwa jodari. Basi naziomba idara zenye dhamana ya uvuvi na afya zichukue sampuli minadani kwetu, zibandike matokeo sokoni kwa Kiswahili, na ziwape wakunga wa kliniki waraka wa kuwasomea waja wazito kabla ya msimu ujao wa papa.

Wako mtiifu,
Mlaji wa samaki,
Mombasa