Msiwaite Wavivu

Jumapili iliyopita, hapa mtaani kwetu Rwambuzi, mkoani Ituri, mhubiri alisema mwanafunzi wa chuo kikuu akianguka mtihani ameangushwa na moyo wake mwenyewe: hana nia, anapenda simu kuliko kitabu. Wazazi wakaitika amina kwa sauti. Mimi nilitoka na hasira, na bado ninayo.

Binti wa jirani yangu yuko mwaka wa pili. Wazazi wake walikimbia vita Djugu, wakaacha shamba na ng'ombe. Usiku anasoma kwa tochi ya simu, simu yenyewe anailipia franga kwenye kibanda cha kuchaji. Alijiandaa kwa mtihani wa takwimu mpaka macho yakavimba. Asubuhi akazuiwa mlangoni, jina lake liko kwenye orodha ya wenye deni la minervali, yaani ada ya masomo. Akaandikiwa sifuri. Nia yake ilikosea wapi?

Mfumo wa LMD (Licence-Maîtrise-Doctorat) unadai krediti 60 kwa mwaka, na ndani yake zimo saa za mwanafunzi kujisomea peke yake. Ajisomee wapi mtaa ukiwa gizani? Profesa mgeni anatua kutoka Kisangani, anamwaga somo zima kwa siku chache, anaondoka. Silabusi nazo, yaani maandishi ya somo, zimekuwa biashara ya walimu. Asiyenunua anaogopa hata kuulizia alama zake. Na tangu Mei 2021 mkoa wetu wa Ituri uko chini ya utawala wa kijeshi, lakini watu wanaendelea kukimbia vijiji vyao. Hayo hayahubiriwi.

Nikisema hivi najibiwa: mbona fulani alisoma kwa kibatari akawa daktari? Upuuzi mtupu. Mmoja aliyepenya mnamtaja kila mwaka, mamia waliokwama hamwajui hata kwa sura.

Watazameni wa mwaka wa kwanza: daftari mpya, shati limepigwa pasi, wanagombania viti vya mbele. Mkiwakuta mwaka wa tatu wamekaa nje wakichezea simu, msidhani walikuja hivyo. Walifukuzwa mtihanini mara moja, mara mbili, mpaka wakachoka kujiandaa kwa mtihani ambao huenda wasiufanye.

Wakuu wa vyuo, deni lidaini siku ya kutoa diploma, wala hakuna atakayewatoroka. Siku ya mtihani mwacheni mtoto aingie, aandike.