Nairobi Haina Autumn, na Keja Yako Haihitaji Majani ya Plastiki

Wasee, tuongee ukweli bila kununiana. Kuanzia mwisho wa Septemba, kila nikifungua TikTok naona keja za Nairobi zimegeuka Ohio. Malenge ya plastiki kwa meza ya TV. Majani ya rangi ya machungwa yametundikwa kwa pazia. Mtu amevaa sweta nzito, ameshika kikombe cha kitu moto, na nje jua la saa nane linachoma mabati. Chini ameandika ati hatimaye msimu wake umefika.

Msimu gani, buda?

Nairobi iko kama digrii moja tu kusini mwa ikweta. Kule Marekani na Ulaya majani hubadilika rangi kwa sababu mchana unafupika na baridi inakaribia. Mti unaacha kutengeneza ile rangi ya kijani, halafu unaachilia majani yaanguke. Hapa kwetu mchana ni kama saa 12 mwaka mzima. Mti wa hapa hauna habari na Oktoba ya Ohio. Baridi yetu sisi ni Juni mpaka Agosti, ile ya Julai ya kuoga ukilia. Oktoba ni joto, kisha mvua za vuli zinaanza.

Na hapo kwa vuli ndipo watu wanachanganyikiwa. Kamusi nyingi zitakuambia autumn ni vuli. Sawa, lakini kwa mtu wa hapa vuli ni mvua ya Oktoba mpaka Desemba, wakati watu wanashika jembe wapande. Kule ni wakati wa kuvuna. Ndio maana wanapamba nyumba na malenge, mahindi makavu na nyasi, kwa sababu hivyo ndivyo vitu vilivyotoka shambani wiki hiyo. Kanada wana Thanksgiving yao Jumatatu ya pili ya Oktoba, Marekani Alhamisi ya nne ya Novemba. Kwao yote yana maana. Sisi tunasherehekea mavuno ya jirani huku shamba letu ndio kwanza linapandwa.

Najua tayari kuna mtu anaandika, "Wacha watu wafurahie." Mwingine anasema mimi nachukia kila kitu cha wazungu. Hapana. Malenge yenyewe asili yake ni bara la Amerika. Jacaranda tunayopiga picha kila Oktoba ilitoka Amerika Kusini. Chai pia ilikuja na meli. Kuiga hakujawahi kuwa shida yetu. Hata wao waliiga: Waayalandi walikuwa wanachonga tanipu za Halloween, wakahamia Marekani, wakakuta malenge ni makubwa na laini, wakachonga hayo. Walichukua sherehe yao wakaivalisha kitu cha pale walipofika. Sisi tunafanya kinyume. Tunaacha vitu vilivyo mbele yetu, tunanunua picha ya vitu vya kwao, tena ya plastiki.

Sasa nifike kwa kile kinachoniuma. Ni pesa, halafu ni aibu.

Kuna watu wa rika langu wanaishi bedsita, wanahangaika na kodi, na wameamini kwamba huwezi kuita marafiki nyumbani mpaka nyumba ikae kama video. Nimesikia hii sentensi mara nyingi sana: "Ngoja kwanza nipange keja, ndio mkuje." Miezi sita inapita. Keja haijapangwa, hakuna mtu amekuja. Tunaishia kukutana kwa mkahawa ambapo glasi moja ya juisi inakula pesa ambayo ingetengeneza jagi mbili nyumbani. Na yule ambaye hana hiyo pesa anasema ako na shughuli. Anakosa mara ya kwanza, ya pili, kisha watu wanaacha kumwita. Hivyo ndivyo mtu anakaa Nairobi yenye mamilioni ya watu na hana wa kumpigia simu Jumapili jioni.

Mama zetu hawakuwa hivyo. Mgeni alikuwa anakuja bila kupiga simu, anapata kiti cha plastiki chenye kitambaa cha kufuma, na chai ya maziwa kabla hata hajaulizwa ametoka wapi. Hakuna aliyekagua rangi ya mto wa kiti.

Tuingie kwa vinywaji, kwa sababu hapo ndipo tunachekesha zaidi. Ile Pumpkin Spice Latte ilianza Starbucks mwaka 2003, na mpaka 2015 haikuwa na malenge ndani. Ilikuwa na nini? Mdalasini, tangawizi, kungumanga, karafuu. Soma hiyo orodha tena polepole. Hiyo ni masala ya chai! Iko kwa kabati ya mamako, kwa mkebe mdogo wenye kifuniko kilichopotea. Na karafuu, katika karne ya 19 Unguja na Pemba ndizo zilizokuwa zikiongoza kuilisha dunia, kutoka mashamba yaliyolimwa na watumwa. Harufu ambayo unalipia ati ni ya Marekani ina historia ya pwani hii yetu, tena historia nzito.

Maua nayo? Mashamba ya kando ya Ziwa Naivasha yanakuza waridi zinazopandishwa ndege kwenda Uholanzi na Uingereza kupamba meza za watu. Sisi tulio saa chache kutoka Naivasha tunaagiza majani makavu ya plastiki kutoka ng'ambo. Ukimweleza mtoto wa darasa la nne atakuuliza kama uko sawa.

Na tafadhali, kuchonga malenge ndio uyatupe baada ya picha, hiyo hapana. Malenge ni chakula. Majani yake yanaingia kwa mukimo, tunda linachemshwa, linapondwa na viazi, linapikwa supu. Katika nchi ambayo kuna watu wanalala njaa, usiniambie ile sura ya kutisha uliyochonga ni burudani tu.

Sasa, kwa sababu kulalamika ni rahisi, hii ndio njia yangu. Oktoba 20 ni Siku ya Mashujaa. Ni likizo, watu wako nyumbani, jua liko. Alika watu watano. Usingoje sofa.

Kwa mapambo: tandika leso ya mama au kitenge kwa meza, au mkeka chini kama huna meza. Okota maua ya jacaranda yaliyoanguka, yako bure barabarani, weka kwa bakuli la maji. Chukua matawi mawili ya bogenvilia, uliza mwenye ua kwanza, weka kwa chupa ya soda. Kama una soo mbili tatu za ziada, pita City Market uwaulize wauza maua wana nini. Basi. Nyumba imependeza.

Kwa kinywaji: chukua robo kilo ya ukwaju, loweka kwa lita moja ya maji moto kama nusu saa, ukande kwa mkono, uchuje. Ongeza lita moja ya maji baridi, sukari kadiri unavyopenda, tangawizi iliyokunwa na iliki kidogo. Weka barafu. Hiyo inatosha watu sita na inaendana na joto la Oktoba kuliko maziwa moto yenye povu. Mvua ikianza jioni, chemsha dawa: tangawizi iliyopondwa, kijiti cha mdalasini, na ukishaepua tia ndimu na asali. Ile sweta yako nayo iweke mpaka Julai, itakuwa na kazi ya maana.

Kuna atakayesema hii haitapiga picha vizuri. Mimi hupiga picha kila siku, ndio kazi yangu, na nakuambia maua ya zambarau kwa bakuli jeupe, karibu na dirisha, saa kumi jioni, yanapiga vizuri kuliko malenge yoyote ya plastiki. Lakini hata yasipopiga, watu watano watakuwa wamekula kwako, wamecheka kwako, na wanajua mlango wako.

Kwa hivyo Oktoba 20, nani anaita watu? Andika hapo chini unapika nini. Na kama mwaka huu huna wa kuita, sema pia. Huenda mtu wa mtaa wenu anasoma hii na ana nafasi moja kwa mkeka.