Risala ya Mafrateri wa Theolojia kwa Mhashamu Baba Askofu

Mhashamu Baba Askofu, Padre Gombera, waheshimiwa mapadre walezi,

Baba, tunakushukuru kwa kututembelea. Sisi wanao tumelibeba jambo la masomo yetu kwa uvumilivu tangu mwaka wa kwanza. Leo tunalileta kwako.

1. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 250, inataka miaka miwili kamili ya falsafa na minne ya theolojia. Miaka tunaitimiza. Lakini falsafa tuliikariri: Aristotle kasema hili, Thomas wa Akwino kasema lile, mtihani, basi. Tulipoingia theolojia, madaftari yale yakaenda chini ya kitanda na hakuna aliyeyaulizia tena. Tunaomba mitihani ipime hoja ya mwanafunzi mwenyewe, na walimu wa theolojia waturudishe kwenye falsafa ile kila somo linapoidai.

2. Hili ndilo linalotuumiza zaidi. Likizo iliyopita mwenzetu alifundisha wakatekumeni kigangoni juu ya Utatu Mtakatifu. Mzee mmoja akauliza: "Frateri, nafsi tatu si watu watatu?" Akajibiwa kuwa ni fumbo. Akauliza tena, kwa upole, akapewa jibu lile lile. Akavaa kofia yake, akanyamaza. Baba, mzee yule hakuwa mkaidi. Nafsi kwa Kiswahili ni mtu mwenyewe, ni roho yake. Mababa wa Mtaguso wa Nisea, mwaka 325, nao walihangaika na maneno, hata wakachukua neno la Kigiriki lisilomo katika Biblia, homoousios, ili kukiri kwamba Mwana ana umungu mmoja na Baba. Sisi tumefundishwa neno walilolifikia; njia waliyoipita hatukuonyeshwa. Tunaomba saa mbili kila wiki za kuyachambua maneno ya imani kwa Kiswahili, lugha tutakayohubiria.

3. Uchambuzi wa namna hii una mfano: Padre Alexis Kagame wa Rwanda alionyesha, mwaka 1956, jinsi ngeli za Kinyarwanda zinavyopanga vyote vilivyopo: mtu, kitu, mahali na namna. Kitabu chake maktabani hakimo. Cha John Mbiti juu ya dini na falsafa za Kiafrika kipo kimoja, kimeshonwa kwa uzi, kurasa za mwanzo hazipo. Tunakisoma kwa zamu usiku. Tunaomba vinunuliwe, hata nakala tatu tatu.

4. Mdahalo wa Ijumaa uliondolewa kwenye ratiba. Tunaomba urudishwe.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi wanao,
Mafrateri wa Theolojia