Kitabu cha Madubwana Kisifungiwe Kabatini



Naanza kwa kukiri kosa. Muhula uliopita, Jumamosi moja kabla ya saa ya chai, nilimnyang'anya mtoto kitabu. Ni mvulana wa miaka kumi na miwili wa darasa langu la kati, ambaye mwaka mzima Kiswahili chake kwangu kilikuwa "ndiyo", "hapana" na "sijui, Mwalimu". Alikuwa amekiweka mapajani, chini ya meza. Nilipokivuta nikaona jalada lenye dubwana la jicho moja kubwa na meno kama misumari. Nikakiweka juu ya kabati, nyuma ya birika. Mtoto hakulia, ila hakufungua mdomo tena mpaka baba yake alipokuja kumchukua.

Jioni ile simu zetu hazikupumzika. Kwenye kundi la wazazi mmoja aliandika kwamba shule yetu imeingiliwa na vitabu vya mashetani, wengine wakaitikia, na sasa kamati inakutana mwisho wa mwezi kuamua kama vitabu hivyo vipigwe marufuku. Mimi si mjumbe wa kamati. Nina nafasi hii ya jarida tu, basi nasema hapa: visipigwe marufuku. Nasema hivyo nikijua kwamba wiki ile ya kwanza nami nilikuwa upande wa marufuku.

Kilichonibadilisha ni usahaulifu wangu. Katika haraka ya kufunga ukumbi sikumrudishia mtoto kitabu chake. Kikaingia mkobani pamoja na madaftari, na Jumapili usiku nikaenda nacho zamu. Saa tisa ya usiku, wodi imetulia, chai mkononi, nikakifungua nikitarajia uchawi. Nikakuta kitu ninachokijua. Wauguzi wenzangu mnakifahamu kile kitabu cha dawa, BNF, ambacho bila hicho hakuna anayethubutu kutoa kidonge asichokizoea. Kila dawa imeandikwa kwa mpango uleule: inatibu nini, kipimo chake, tahadhari, madhara. Kitabu cha mtoto kimepangwa vivyo hivyo. Kila dubwana lina jina, ukubwa, mwendo, nguvu ya uhai, silaha, akili yake na mahali linapokaa. Ni kitabu cha kutafutia. Anayekihitaji hasa ni msimulizi, yule anayeongoza mchezo wakati wenzake wamezunguka meza na dadu zao. Wakifika pangoni na kitu kikachomoza gizani, yeye hufungua ukurasa akajua kitu hicho kitafanya nini.

Mimi nilisoma hadi kidato cha nne, kisha uuguzi. Si mtu wa historia. Lakini nilitaka kujua vitabu hivi vimetoka wapi, nikakaa nalo suala hili likizo nzima.

Mchezo wenyewe, Dungeons & Dragons, ulitoka Marekani mwaka 1974. Waliouandika ni Gary Gygax wa Lake Geneva, mji mdogo wa Wisconsin, na Dave Arneson wa Minnesota. Gygax hakumaliza sekondari. Alifanya kazi ya bima, na ilipokwisha akawa anatengeneza viatu. (Wanaodhani vitabu huandikwa na wenye digrii peke yao wakumbuke hilo.) Ndani ya sanduku la kwanza kulikuwa na vijitabu vitatu, na cha pili kilihusu madubwana na hazina, kwa maelezo mafupi sana. Wachezaji wakataka zaidi. Mwishoni mwa mwaka 1977 Gygax akatoa Monster Manual, kitabu cha jalada gumu, kurasa 112, viumbe zaidi ya 350, kuanzia A hadi Z. Mwaka huohuo kampuni ya Chaosium ya California nayo ilitoa chake, kilichokusanya viumbe vya wachezaji mbalimbali, lakini cha Gygax ndicho kilichokuwa kielelezo cha vyote vilivyofuata hadi leo.

Alivipata wapi viumbe vyote hivyo? Hapo ndipo nilipocheka peke yangu. Vingine alivitoa kwa Wagiriki wa kale, vingine kwa watu wa Skandinavia, vingine India, vingine kwenye riwaya alizopenda. Alichukua hata kwa Tolkien, mpaka wenye haki za vitabu vile wakalalamika na majina yakabidi yabadilishwe. Vingine vilitoka dukani. Alinunua pakiti ya vinyago vya plastiki vya bei rahisi vilivyotengenezwa Hong Kong, visivyofanana na mnyama yeyote aliyeumbwa, akawapa wenzake mezani. Kimoja kikawa dubwana linalogusa chuma kwa vipapasio na chuma kikaoza kutu papo hapo. Kingine kikawa nusu dubu nusu bundi. Mpaka leo wapo vitabuni, na watoto wenu wanawajua kuliko wanavyomjua kanga.

Na sisi tumo. Kuna fisi, mamba, nyani, faru na kiboko, wamewekwa katikati ya madubwana kana kwamba ni wenzao. Kwa mtu aliyewahi kuvuka Rufiji kwa mtumbwi, kiboko hajakosewa. Yumo rukhu, ndege wa Alfu Lela Ulela, ambaye Marco Polo alisimulia kuwa anatoka pande za Madagascar, na kweli kisiwa kile kiliwahi kuwa na ndege wakubwa mno ambao mayai yao yamehifadhiwa katika majumba ya makumbusho. Yumo jini, jitu la hewa. Yumo afriti, jitu la moto. Mwaka 1983, kitabu cha pili kilipotoka, wakaongezwa na maridi.

Nawaomba watoto waliozaliwa hapa Uingereza wasome sehemu hii mara mbili. Huko London kulikuwa na gazeti la White Dwarf, lililoanza mwaka 1977. Lilikuwa na safu ya wasomaji: unabuni dubwana lako, unaandika sifa zake kwa mpango uleule, unatuma kwa posta. Mhariri wake, Don Turnbull, alikusanya mengi ya madubwana hayo yakawa kitabu kizima, Fiend Folio, kilichotoka mwaka 1981. Mmoja wa waliotuma alikuwa Charles Stross, mvulana wa Leeds ambaye bado alikuwa mwanafunzi wa shule. Alibuni githyanki, wale watu wembamba wenye ngozi ya njano. Jina alilikuta kwenye riwaya ya George R. R. Martin, mengine akayaongeza mwenyewe. Githyanki ndiye aliyewekwa kwenye jalada. Mnaocheza Baldur's Gate 3 mnamjua Lae'zel. Ni wa ukoo huo. Mtoto wa shule aliandika kwa mkono wake, akatuma, na zaidi ya miaka arobaini baadaye dunia nzima inakicheza alichokibuni.

Tena kitabu kile kilichekwa sana kilipotoka, kwa sababu baadhi ya madubwana yake yalikuwa ya kijinga kabisa. Mojawapo, flumph, ni kama kiwavi cha baharini kinachoelea hewani na kikipinduliwa hakiwezi kujigeuza. Leo flumph anapendwa.

Sasa nirudi kwa wazazi wenye hofu, na siwadharau. Miaka ya 1980 huko Marekani hofu hiyohiyo ilienea. Wazazi na makanisa mengi walisema mchezo ni wa shetani. Wenye kampuni wakaogopa. Toleo la mwaka 1989 lilipotoka, majina ya pepo wabaya na mashetani yalikuwa yameondolewa, wakapewa majina ya kubuni: tanar'ri na baatezu. Sura zikabaki zilezile, pembe zilezile, mikia ileile. Kila mtoto alijua ni nani. Mwaka 2000 majina ya zamani yakarudi. Kwa hiyo marufuku ilishajaribiwa na watu wenye nguvu kuliko kamati yetu, na ilichozaa ni majina mawili magumu kuyatamka.

Hata hivyo nina ugomvi wangu na vitabu hivi, nao si wa mashetani. Karibu kila namba iliyomo inakuambia jinsi ya kuliua dubwana: ukilipiga mara ngapi litakufa, likikupiga utaumia kiasi gani. Bibi yangu Pangani hakuwahi kutusimulia zimwi la kupigwa mara ngapi. Zimwi lilimtia binti ndani ya ngoma, likazunguka naye vijijini likiomba chakula, na binti akaimba humo ndani mpaka watu wake wakaitambua sauti yake. Silaha ilikuwa sauti, na watu wanaoijua. Kitabu cha Wisconsin hakina mstari wa kuandika jambo hilo.

Na hatukuwa watu wasio na kitabu. Mwaka 1870 hapahapa London kilichapishwa kitabu cha hadithi za Kiswahili alizozikusanya Edward Steere kwa wasimulizi wa Unguja. Imo hadithi ya Sultani Majnuni na paka wake. Paka akala ndama, sultani akasema paka ni wangu na ndama ni wangu. Akaendelea kula wakubwa zaidi, na jibu lilikuwa lilelile, mpaka akakimbilia porini akawa Nunda, mla watu, na hata wana wa sultani hawakupona. Mwana mdogo akaapa kumwua. Akawa anaua mnyama, anamleta kwa mama yake, anauliza: huyu ndiye? Mama anamwambia siye, Nunda hayuko hivyo. Anarudi porini, anakuja na mwingine, mkubwa zaidi. Siye. Ile likizo ndipo niliposhtuka: mama yule ndiye kitabu. Kijana ana silaha, mama ana sifa za mnyama kichwani, na bila mama kijana angeua msitu mzima asijue kama kazi imekwisha.

Sasa jiulizeni, watoto wetu wakiuliza "huyu ndiye?", nani wa kuwajibu kwa Kiswahili?

Jumamosi iliyofuata nilimrudishia mvulana kitabu chake, nikamwomba radhi mbele ya wenzake. Kisha nikamwambia: chagua mmoja, utueleze, lakini Kiingereza kibaki nje. Alisimama. Mikono ikaenda kichwani: "Mwalimu, hii inaitwaje?" Pembe. Akaonyesha mguu: kwato. Mkia. Magamba. Makucha. Sumu. Anatambaa, ananguruma, anameza. Kwa robo saa alidai kwangu maneno ishirini na kitu ambayo kwa wiki tatu za "haya ni maembe" nisingeweza kumlisha hata kwa kijiko.

Halafu tukaandika zimwi ubaoni, na hapo darasa likalipuka. Mmoja alisema "zimwi ana jicho moja", kwa sababu linatembea na kula, basi ni kiumbe hai kama mtu. Mwingine akasema "zimwi lina". Nikawapa methali: zimwi likujualo halikuli likakwisha. "Mbona li, Mwalimu, kwani zimwi ni embe?" Nikawauliza mtu tukimchukia tunasemaje. Msichana mmoja, ambaye mama yake ni wa Mombasa, akajibu: "Jitu lile!" Wakabishana dakika kumi, Kiingereza kikipenya hapa na pale lakini kikifukuzwa nao wenyewe, na hukumu waliyoitoa ni hii: zimwi la kutisha "lina", zimwi wa kuchekesha "ana". Wanasarufi wasinisikie, nimeiacha kama ilivyo.

Kuna jambo moja nalikubali upande wa wazazi waliolalamika. Jini si hadithi kwa kila nyumba. Kuna sura nzima ya Kurani yenye jina hilo, na mzazi asiyetaka mwanawe ampe jini namba na kumchezea kwa dadu ana haki yake. Mimi nami, kwa kweli, sipendi kuona watoto wetu wakimjua jini kwa ngozi ya rangi aliyopakwa Marekani. Basi katika kazi ninayoiomba hapa chini, majini na mashetani hawatakuwamo. Zimwi, Nunda, rukhu, na kila atakayebuniwa na mtoto mwenyewe, wanatosha kutujazia mwaka.

Naomba kamati iniachie muhula mmoja na faili moja. Kila mtoto wa darasa la kati na la wakubwa alete dubwana moja: picha, jina, linakaa wapi, linakula nini, linaogopa nini, na linashindwaje bila kuuawa. Kwa Kiswahili chote. Wazazi, wapigieni bibi na babu simu, mkiwapata, muwaache waongee na watoto wenyewe, msiwatafsirie. Kama mtandao wa kule ni mbaya, wakariri ujumbe wa sauti.

Karatasi ziwe A4, zitobolewe matundu, niletewe Jumamosi ya kwanza baada ya likizo fupi, wakati wa chai. Na andikeni upande mmoja tu. Toleo la mwaka 1989 nililolitaja lilikuwa faili la karatasi za kuchomoa, wazo zuri sana, ila walichapa dubwana moja mbele na jingine nyuma, hivyo kila walipoongeza karatasi mpya, mpango wa alfabeti ukavurugika. Miaka minne baadaye wakarudi kwenye kitabu cha kawaida. Sisi faili letu ninataka Nunda akae kwenye N.