Afya Nyumbani: Miguu Iwakayo Moto



Majuzi tulimzuru mzee mmoja wa kanisa, mgonjwa wa kisukari tangu miaka mingi. Tulimkuta barazani, miguu yake ndani ya beseni la maji baridi, maana usiku nyayo zake huwaka kama aliyekanyaga makaa, asipate usingizi. Kando yake palikuwa na chupa ya vidonge aliyouziwa sokoni. Aliambiwa kwamba vyaponya mishipa ya fahamu, na dawa za hospitali aziache. Naye alikuwa ameziacha majuma matatu. Alipoinua mguu tuliona kidonda chini ya kidole gumba, wala mwenyewe hakuwa na habari nacho. Siku ile ile wanawe walimpeleka hospitali, na hata leo kidonda chafungwa.

Yafaa tujue ugonjwa huu. Sukari ikizidi katika damu siku nyingi, huidhuru mishipa ya fahamu, na ile mirefu iendayo miguuni hutangulia kuumia. Maumivu huja, na ganzi huja. Na ganzi ndiyo ya kuogopwa zaidi, kwani asiyesikia mwiba hautoi. Wataalamu wasema sehemu ya madhara hayo yatokana na mabaki makali yazaliwayo mwilini, yalayo mishipa kama kutu ilavyo jembe. Ndipo watu wakatafuta vitu vya kuizuia kutu hiyo.

Kimoja kijulikanacho sana ni asidi alfa-lipoiki, ambayo hata miili yetu huifanya kidogo. Ujerumani imetumika miaka mingi kwa wagonjwa hawa. Mwaka 2006 ilitolewa habari ya wagonjwa 181 waliojaribiwa kwa majuma matano: miligramu 600 kwa siku zilipunguza maumivu, na kuzidisha kipimo kuliongeza kichefuchefu tu. Lakini mwaka 2024 wachunguzi wa Cochrane walikusanya majaribio ya miezi sita na zaidi, wakaona kwamba yamkini haipunguzi dalili, au hupunguza kidogo mno.

Basi hatumcheki anayetafuta nafuu, kwani maumivu ya usiku ni mzigo mzito. Ila twasema wazi: vidonge hivi haviponyi, wala haviwezi kushika mahali pa dawa ya sukari. Mkumbukeni Naamani, aliyetazamia jambo kubwa akachukizwa alipoambiwa aende kuoga. Sisi nasi twadharau madogo yaliyo karibu.

Kwanza, mtu asiache dawa ya daktari kwa neno la mchuuzi.

Pili, akitaka vidonge hivyo, aichukue chupa akamwonyeshe daktari. Asidi hiyo yaweza kuishusha sukari kupita kiasi kwa atumiaye insulini. Tena vitamini B6, itiwayo katika vidonge vingi vya namna hii, ikizidi mno kwa muda mrefu huiharibu mishipa ile ile.

Tatu, atumiaye metformini miaka mingi aulize habari za vitamini B12, kwani dawa hiyo yaweza kuipunguza, na upungufu wake nao huleta ganzi.

Nne, asione haya kusema maumivu yake. Ziko dawa zilizopimwa kwa maumivu ya mishipa, kama amitriptilini, na daktari ndiye ajuaye imfaaye nani.

Tano, miguu ioshwe, ikaushwe hata kati ya vidole, wala isilowekwe muda mrefu. Mgonjwa asitembee peku. Maji ya moto yapimwe kwa kiwiko, si kwa mguu wenye ganzi. Na kila jioni, kabla ya sala ya nyumbani, mtoto mmoja ashike taa amtazamie babu yake nyayo. Akiona jeraha, hata dogo, asingoje asubuhi kusema.

Enyi waalimu, wasomeeni haya wasiojua kusoma. Mzee wetu ametuambia yeye mwenyewe, "Waambieni wenzangu." Nasi tumewaambia.