Kasoma Wapi? Ulizeni na Mengine

  

Juzi juzi nilialikwa kwenye utambulisho wa rafiki yangu mmoja hapa jijini. Washenga wamekaa, soda zimefunguliwa, pilau inanukia kutoka uani. Shangazi wa binti, mama mtu mzima asiyeona haya kuuliza jambo, akakohoa kidogo akasema, "Kijana wetu huyu kasoma wapi?" Mshenga akajiweka sawa kitini, akajibu taratibu, "Stanford. Marekani."

We! Vigelegele vilivyopigwa hapo utadhani mahari imeshalipwa yote. Na hakuna aliyeuliza kitu kingine. Si hasira zake zikoje, si anaelewana vipi na mama yake, si kama anajua kupika hata chai.

Nilirudi nyumbani nikiwaza. Tusidanganyane, sisi wafanyakazi wa maofisini tuna ugonjwa huo huo wa shangazi. Tukikaa na marafiki tunataja sifa za mtu tunayemtaka: awe na digrii, kama ya nje ndo safi zaidi, awe na kazi nzuri, awe na usafiri. Nikasema hebu niangalie waliopita kwenye chuo hicho hicho, waliosoma na waliofundisha. Mapenzi yao yalikwendaje? Kisomo chao kiliwasaidia nini ndani ya nyumba? Niliyoyakuta ndiyo ninayokuletea mwezi huu. Kaa vizuri, na kama mwenzio yuko karibu, mwite.

Chuo cha mtu na mkewe

Kwanza, wengi hatujui kwamba Stanford yenyewe ilizaliwa kwenye msiba wa ndoa moja. Leland Stanford alikuwa tajiri wa reli na aliwahi kuwa gavana wa California. Yeye na mkewe Jane walikaa kwenye ndoa miaka 18 ndipo wakapata mtoto, wa pekee, wakamwita Leland kama baba yake. Mwaka 1884, familia ikiwa safarini Ulaya, kijana akaugua homa ya matumbo, akafariki mjini Florence, Italia. Alikuwa na miaka 15.

Waliowahi kufiwa na mtoto wanajua jinsi pigo hilo linavyoweza kuivunja nyumba. Wawili hawa waliamua kwamba mali iliyokuwa imsomeshe mmoja iwasomeshe wengi. Mwaka 1885 wakaanzisha chuo kwa jina la mtoto wao, na kikafungua milango 1891, wavulana na wasichana pamoja. Mpaka leo jina kamili la chuo kile ni la yule kijana.

Miaka miwili tu baada ya kufungua, mzee akafa. Mirathi ikakwama, serikali ikafungua kesi kudai fedha, na wapo waliomshauri mama afunge chuo mpaka mambo yatulie. Jane akagoma. Akabana matumizi ya nyumbani kwake ili walimu walipwe, akavumilia mpaka akashinda kesi mwaka 1896. Huyo ndiye mwenzi. Mliyoyapanga wawili, anayabeba hata akibaki mmoja.

Posa kwa telegramu

Katika darasa la kwanza kabisa la chuo kile alikuwemo kijana yatima aitwaye Herbert Hoover. Pesa hana, anafanya vibarua ili asome. Akahitimu jiolojia 1895. Akiwa mwaka wa mwisho alikutana na binti aitwaye Lou Henry kwenye maabara ya mawe. Binti yule alipenda milima, farasi na kulala porini, na alikuwa anasoma jiolojia hiyo hiyo wakati wanawake wa fani ile walikuwa wa kuhesabu. Mshikaji akamzimikia palepale.

Lakini Hoover hakumwoa haraka. Alikwenda kutafuta maisha kwenye migodi ya dhahabu Australia, Lou akabaki kumalizia masomo yake, akahitimu 1898. Kazi mpya ilipopatikana Uchina, jamaa akatuma telegramu kumwomba amuoe. Jibu likarudi kwa telegramu: ndiyo. Wakafunga ndoa Februari 10, 1899, na kesho yake wakapanda meli kwenda Uchina. Fungate gani hiyo!

Mwaka 1900 wakajikuta ndani ya mji wa Tientsin, uliozingirwa na vita. Lou hakujifungia chumbani. Alisaidia kuuguza majeruhi na bastola yake ilikuwa karibu. Akajifunza Kichina vizuri kuliko mumewe. Baadaye walikaa miaka karibu mitano wakitafsiri kitabu kizito cha mwaka 1556 kuhusu uchimbaji madini, kutoka Kilatini kwenda Kiingereza. Mke ndiye aliyekijua Kilatini, mume ndiye aliyejua migodi. Kikatoka 1912 kikiwa na majina yote mawili.

Hoover akawa Rais wa Marekani 1929, na mwaka uleule uchumi ukaanguka vibaya. Watu wakamlaumu, uchaguzi wa 1932 akashindwa vibaya sana. Ndani ya Ikulu, wawili hawa wakitaka kuteta mbele ya wageni, walikuwa wanatupiana maneno ya Kichina. Nimelipenda sana hilo. Dunia nzima inakuzomea, lakini una mtu mmoja mnaelewana kwa lugha yenu. Waliishi pamoja mpaka Lou alipofariki 1944.

Aliyethubutu kumwambia mchumba wake amekosea

Sasa tuje kwa walimu. Philip Zimbardo alikuwa profesa wa saikolojia pale Stanford. Agosti 1971 alitengeneza gereza la kuigiza kwenye chumba cha chini cha jengo la idara yake. Vijana wa kujitolea wakagawanywa, wengine wafungwa, wengine askari. Yeye mwenyewe akajifanya mkuu wa gereza. Mpango ulikuwa wiki mbili. Ndani ya siku chache "askari" wakawa wanawanyanyasa wenzao kwelikweli, na profesa amenogewa, haoni tatizo.

Wakati huo alikuwa na uhusiano na Christina Maslach, binti aliyekuwa amemaliza tu udaktari wake wa falsafa palepale. Jioni moja Christina akaja kutazama. Akaona vijana wanaswagwa kwenda msalani usiku, miguu imefungwa mnyororo, vichwani wamevishwa mifuko. Profesa anamwambia tazama, yeye anageuza uso. Walipotoka nje wakagombana vibaya. Binti akamwambia waziwazi kwamba anayowafanyia vijana wale ni mabaya, na kwamba mwanaume anayemwona pale siye anayemjua.

Fikiria nafasi yake. Yeye ndo kwanza anaanza kazi, mwenzake ni profesa mwenye jina, tena ni mtu anayempenda. Ni wangapi kati yetu tungenyamaza ili tusiharibu? Wageni wengine walishapita pale, wakaangalia, wakaondoka. Kesho yake Zimbardo akalifunga lile gereza, siku ya sita tu. Watafiti wengine wameukosoa sana utafiti ule, lakini jambo moja Zimbardo alilirudia maisha yake yote: kwamba Christina ndiye aliyemzindua. Na hakumnunia. Alimuoa mwaka uliofuata, 1972, wakaishi pamoja mpaka mzee alipofariki Oktoba 2024. Christina naye akawa profesa kule Berkeley, bingwa wa utafiti kuhusu watu wanaochoshwa na kazi mpaka wanaishiwa nguvu na moyo.

Wa kwanza darasani akapigwa kibuti

Nimemwacha wa mwisho ninayempenda kuliko wote. Sandra Day alikulia kwenye ranchi ya ng'ombe Arizona. Akaingia Stanford akiwa na miaka 16, akamaliza sheria mwaka 1952. Darasani mwao alikuwemo kijana William Rehnquist, kichwa kwelikweli, ndiye aliyeongoza darasa. Walitoka pamoja kwa muda, wakaachana, wakabaki marafiki. Rehnquist alipohamia Washington kwa kazi, akamwandikia barua ya kuomba amuoe. Kwa vigezo vya shangazi yetu, hapo ni vigelegele tu!

Sandra akakataa. Siri hiyo ilikaa zaidi ya miaka 60, ikajulikana hadharani 2018. Moyo wake ulikuwa umeshakwenda kwa John O'Connor, mwanafunzi wa mwaka mmoja nyuma yake, waliyekutana kwenye kazi za jarida la sheria la chuo. John alikuwa mcheshi, mtu wa kukuvunja mbavu. Wakaoana Desemba 1952 kulekule ranchini.

Pamoja na cheti cha Stanford, Sandra alisaka kazi ya uwakili akaambulia kuulizwa kama anajua kupiga taipu. Akaanza kwa kufanya kazi bure katika ofisi moja ya wanasheria wa serikali. John alipopelekwa jeshini Ujerumani, Sandra akamfuata. Wakapata watoto watatu wa kiume. Mwaka 1981 zamu ikageuka: Rais Reagan alimteua Sandra kuwa jaji wa kwanza mwanamke wa Mahakama ya Juu ya Marekani. Aliyemfuata mwenzake safari hii ni John, akaacha kazi yake nzuri ya uwakili mjini Phoenix. Kina baba mnaosoma hapa, hilo mliweke akilini. Na pale mahakamani Sandra alimkuta nani? Rehnquist! Wakakaa benchi moja miaka 24, kila mtu na ndoa yake, kwa heshima.

Kisha John akapata ugonjwa wa Alzheimer, ule unaofuta kumbukumbu. Sandra alijaribu kumtunza huku akifanya kazi, siku nyingine akimchukua ofisini kwake. Mwaka 2005 akatangaza kustaafu ili awe na mumewe, akakiacha kiti ambacho watu wengi huondoka nacho kaburini. Mwaka uliofuata ugonjwa ukazidi, ikabidi John apelekwe kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa.

Kule, John ambaye sasa hamkumbuki vizuri mkewe, akampenda mgonjwa mwenzake. Ndiyo, umesoma sawasawa. Sandra akienda kumtazama anamkuta mumewe wa zaidi ya miaka 50 ameshikana mikono na mama mwingine, anatabasamu. Mwaka 2007 mtoto wao alieleza kwamba mama yake hakuona wivu. Alifurahi kuona John ametulia, maana kabla ya hapo alikuwa na huzuni sana. Anakaa nao pale pale.

Jamani. Nilipofika hapo nilifunga kompyuta nikakaa kimya. Mimi ambaye meseji ya usiku tu kwenye simu ya mwenzangu inanipandisha presha! Sisemi kila mtu angeweza, wala sitaki mtu aje kuitumia hadithi hii kama kisingizio cha kuchepuka. Yule mzee alikuwa mgonjwa. John alifariki Novemba 2009. Sandra naye mwaka 2018 akatangaza kwamba ugonjwa wa kusahau umemfikia, akafariki Desemba 2023 akiwa na miaka 93.

Sasa tuulize nini?

Sisemi kisomo hakina maana. Bila Stanford hawa wengine wasingekutana kabisa. Lakini angalia vizuri: cheti kiliwakutanisha tu. Siku mtoto alipokufa, siku risasi zilipolia, siku profesa alipopotoka, siku kumbukumbu zilipofutika, hakuna aliyeuliza kasoma wapi.

Basi mwezi huu, wewe na mwenzio, zimeni televisheni jioni moja muulizane haya. Mimi nikikosea, utathubutu kuniambia? Nawe ukiambiwa, utanuna wiki nzima? Kazi yako ikipanda, mimi nitakufuata? Ikiwa zamu yangu, utanifuata? Na siku nikiwa sikujui tena, utakuwa wapi? Msijibizane kwa maneno matamu. Jibuni kwa yale mliyokwisha kufanyiana.

Nilimpigia rafiki yangu yule bi harusi mtarajiwa, nikamsimulia yote haya. Akacheka, kisha akatulia. Akaniambia mwaka jana alilazwa na malaria kali, na kijana yule alikesha hospitali siku tatu, analala kwenye benchi la nje na viatu vyake miguuni, asubuhi anakwenda kazini hivyo hivyo.

Nikamuuliza, mbona siku ile hamkusema? Akasema, "Dada, mbona hakuna aliyeuliza?"

Tukutane mwezi ujao. Pendaneni.