Ua Langu na Kipande cha Mtu

Leo mniwie radhi. Nilikusudia kuandika habari za mashairi, lakini yaliyonikuta uani kwangu, huku Mji wa Kale, yamenizuia. Na kwa kuwa kosa moja katika hayo ni langu mwenyewe, afadhali nilitaje kwa kinywa changu kabla jirani hajanitajia.

Nyumba yetu ina ua mdogo nyuma, ambako marehemu mama alikuwa akipanda mrehani na asumini. Tangu afariki, ua umekuwa jaa la mabati na mbao mbovu. Mwaka huu nikasema nitautengeneza: nipande kilua, nitandaze mawe bapa ya Mazeras, nipate pa kukaa baada ya laasiri. Nikamtafuta mtu wa kazi za bustani, katika hao wanaopamba mahoteli na majumba ya wenye nafasi. Akataja bei. Nikamkamua hata akaishusha karibu nusu, nikarudi barazani kujisifu kwa wenzangu kuwa mimi ndimi mjuzi wa kupatana. Sikujiuliza ile nusu iliyopungua itatoka mfukoni mwa nani.

Siku ya tatu, saa sita ya jua kali, nikamkuta kijana wa kubeba mawe amejilaza kivulini. Nikampelekea maji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Akanyamaza. Nilipomhoji kwa upole nikapata habari kuwa ana miezi miwili hajaona mshahara. Nikamwuliza kwa nini asirudi kwao.

"Kipande changu anacho mnyapara, mzee. Na nauli aliyonilipia, na chakula, anasema bado ananidai."

Jambo hilo lina jina. Shirika la Kazi Duniani limezitaja alama za kazi ya shuruti, na miongoni mwazo ni kuzuiliwa ujira, kunyang'anywa hati, na kufungwa kwa deni. Kwa makisio ya shirika hilo, mwaka 2021 watu kama milioni 28 walikuwa katika hali hiyo ulimwenguni. Sisi tukisikia hayo fikira zetu huruka moja kwa moja hadi Bara Arabu, kwa mabinti zetu waliokwenda kufanya kazi za nyumbani, paspoti zao zikafungiwa makabatini. Ni kweli, na ni haki yetu kupiga kelele. Lakini paspoti iliyofungiwa Riyadh na kipande kilichofungiwa Mombasa vina tofauti gani?

Tena sisi watu wa pwani hatuna udhuru wa kutojua. Hata neno kibarua, tunalolitamka kila siku, latokana na barua, ile karatasi ndogo ya kazi ya kutwa. Katika karne ya 19 wengi wa vibarua wa Unguja na Mombasa walikuwa watumwa waliokwenda kujikodisha mjini, kisha fungu la ujira likaenda kwa bwana. Ukivuka daraja la Nyali utafika Kengeleni, ambapo kengele ya Frere Town, kijiji cha walioachwa huru kilichoanzishwa 1875, ingali ipo. Pwani yetu hii utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1907, na fidia wakapewa mabwana, si watumwa. Baadhi ya babu zetu walikuwa katika safu ya kuipokea. (Najua wapo watakaochukia kuyasoma haya, na wachukie.)

Chuoni mwalimu wetu alitufunza hadithi iliyomo katika Bukhari, kwamba wako watatu ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa mgomvi wao Siku ya Kiyama: aliyeahidi kwa jina Lake akavunja ahadi, aliyemuuza mtu huru akala thamani yake, na aliyemwajiri mtu akamaliza kazi asimpe ujira wake. Utotoni nilidhani ni makosa matatu yasiyohusiana. Sasa naona la pili na la tatu ni ndugu wa tumbo moja.

Sheria nayo haikunyamaza. Katiba ya 2010, kifungu cha 30, yakataza utumwa na kazi ya shuruti. Sheria ya Ajira ya 2007 yasema ujira wa kibarua wa kutwa ni haki yake siku ile ile inapokwisha, jambo lililo karibu mno na agizo la Mtume (S.A.W.) la kumlipa mtu kabla jasho lake halijakauka. Huko Uingereza, tangu 2015, makampuni makubwa hulazimishwa kutoa taarifa kila mwaka kueleza yamefanya nini kuuzuia utumwa, tangu kwao hata kwa wanaowauzia bidhaa. Mabustani ya huko hutandazwa mawe ya Rajasthan, India, ambako wachimbaji wengi wamefungwa kwa madeni na vumbi limewaoza mapafu. Ila kampuni ikiandika kuwa haikufanya lolote, imekwisha kuitimiza sheria! Karatasi ni nyepesi kuliko jiwe.

Nilimwita yule mwenye kazi nikamwambia salio langu halitoki mpaka kijana apewe kipande chake na alipwe mbele ya macho yangu. Akanitazama, akasema: "Mzee, katika bei uliyonipa wewe, mshahara wake haumo."

Sikuwa na jibu. Nikaingia ndani, nikatoa ile nusu niliyojisifia barazani, nikamhesabia kijana mkononi. Kipande kilirudi kabla ya magharibi, naye akaondoka kwenda kwao usiku ule ule.

Yakabaki mawe. Nilimwuliza mwenye lori ni nani waliyoyachonga, na hulipwa kwa siku au kwa jiwe, na je, wamo watoto. Akacheka sana. "Mzee, wanunua mawe au wanunua watu?"

Ua haujesha. Mawe kumi na mawili yameegemea ukutani, na Jumamosi, inshallah, nitapanda matatu kwenda Mazeras.